Mwanachama Asiyeweza Kuonesha Picha Zake

Mmeniuliza, wanangu, kwenye lile kundi letu la simu, kama mpiga picha wa Unguja ana faida yoyote ya kujiunga na uanachama wa kampuni za kamera. Nilianza kukujibuni kwa sauti. Nikabonyeza pasipopaswa, mkapokea dakika nzima ya mie nikimkaripia paka. Basi naandika. Nshastaafu, magoti hayapandi tena ngazi za nyumba za harusi, na kilichobaki kizima mwilini mwangu ni mdomo.

Kwa wale mlioanza kazi juzi, nieleze kwanza ni kitu gani. Kampuni inayotengeneza kamera inajua kwamba mtu anayekula kwa kamera yake hawezi kukaa mwezi mzima akisubiri itengenezwe. Kwa hiyo imeweka mpango. Ukithibitisha kwamba hii ndiyo kazi yako, unaandikishwa na unapewa kadi. Kamera yako ikiharibika inashughulikiwa kabla ya za wengine, na huku inatengenezwa unaazimwa nyingine. Mara moja moja wanakusafishia vyombo bure. Jina la kampuni yangu silitaji. Nimewatangaza miaka mingi na hawajanitumia hata kalenda.

Mie sikujiunga kwa sababu ya hayo yote. Nilijiunga kwa sababu ya mkanda. Mgeni mmoja alikuja kupiga picha za hoteli kule Mbweni, shingoni ana mkanda mpana wa kamera ulioandikwa kwamba ni mwanachama. Nikautamani kama mtoto anavyotamani puto. Sikuuliza kitu kingine.

Siku niliyotangaza sebuleni kwangu, "Mie nimeomba kuingia chama," jirani yangu Bi Kibibi aliweka kikombe chini taratibu.

"Chama gani?"

"Cha kamera."

"Kinasimamisha mgombea?"

"Hakisimamishi."

"Sasa Shemsa, chama kisichosimamisha mgombea unaingia kufanya nini?"

Kwa wiki nzima watu wa mtaani walinisalimia kwa tahadhari.

Lakini tatizo kubwa lilikuwa jingine. Waombaji wanatakiwa wapeleke picha zao nzuri kabisa, zitazamwe na watu wa kampuni. Na mie, kama wengi mnavyojua, maisha yangu yote nimepiga picha za harusi upande wa wanawake. Mle ndani biharusi amekaa kichwa wazi, nywele zimefukizwa udi, mikono imechorwa piko nyeusi hadi viwikoni. Mama zake na shangazi zake wamevua mabuibui, wanacheza. Akina mama wa mlangoni wanabandika karatasi kwenye kamera ya simu ya kila anayeingia. Mie peke yangu naruhusiwa, kwa sababu wananiamini. Picha zangu nzuri kabisa zimekaa ndani ya makabati ya watu, na hapo ndipo mahali pake. Nitazipelekaje kwa wanaume nisiowajua, katika nchi nisiyoijua, ili wanipe mkanda?

Imani hiyo sikuizua mie. Nilifunzwa na Bi Time, mke wa mwenye studio moja Mkunazini. Enzi za filamu mumewe alipiga picha za pasipoti na za maofisa, lakini filamu za wanawake alizisafisha Bi Time mwenyewe kwenye chumba cha giza, mlango kautia komeo. Mume akigonga anataka dawa za picha, anaambiwa asubiri barazani. Nikawa nasimama naye mle, tunanuka dawa kama siki, akinifunza kazi kwa kunong'ona kana kwamba picha zinasikia.

"Usisome mwanga wa nguo," aliniambia. "Nguo ya biharusi nyeupe na dhahabu inamdanganya kamera, anadhani kuna mwanga mwingi, anakutilia uso kiza. Soma shavu. Mtu anakuja kutazama uso, hakuja kutazama kitambaa."

Hilo lishikeni, hata hizo simu zenu zinadanganywa vivyo hivyo. Na jingine alilonifunza: kula harusini. Mpiga picha anayekataa biriani watu humwogopa, na mtu anayeogopa hukaza mabega. Agizo hili nililitekeleza kwa bidii, na nguo zangu ni shahidi.

Msidhani nilikuwa mwanafunzi wa kujivunia. Harusi ya kwanza niliyoachiwa peke yangu, filamu haikunasa kwenye meno ya kamera. Kihesabu kilizunguka, mie nabonyeza tu, kamera inalia vizuri kabisa. Biharusi, mama mkwe, ngoma, keki, vyote nikavipiga kwenye hewa. Bi Time alipoona filamu nyeupe hakunikemea. Alivaa buibui, akanishika mkono tukaenda kwa mama wa biharusi, akasema, "Huyu mtoto ametupiga hasara, tunaomba harusi irudiwe." Na ikarudiwa! Walipika tena, wakampamba tena, majirani wakaja tena, tena kwa furaha zaidi maana safari hii hapakuwa na zawadi za kuleta. Aliyenuna ni bwana harusi tu. Alikuwa ndio kwanza amezoea kukaa na mkewe, akatolewa nje kutwa nzima.

Basi, turudi kwenye maombi yangu. Kwa kuwa picha zangu za kweli hazioneshwi, nikaamua kutengeneza nyingine. Nikaazima lenzi ndefu, nikaenda msitu wa Jozani kupiga picha kima punju. Nilijiambia, kampuni ya kamera lazima inapenda wanyama. Mwongoza wageni, Vuai, akaniambia nikae kitako nitulie, kima watakuja wenyewe. Nikakaa. Mmoja akaja kweli, akanitazama, akachukua kifuniko cha lenzi pajani kwangu akaondoka nacho. Kifuniko cha watu, lenzi ya kuazima. Nikanyanyuka nikamfuata.

"Bi Shemsa, usimkimbize!" Vuai akapiga kelele. "Ukimkimbiza anafikiri mchezo!"

Alishafikiri. Kundi la watalii likageuka likaanza kunipiga picha mie, mwanamke mzima wa buibui na lenzi kama bomba la maji, nakimbizana na kima. Nadhani mpaka leo nipo kwenye kuta za watu Ulaya. Picha zangu mwenyewe zilitoka mikia tu. Iliyotoka safi kuliko zote ni ya kiatu changu.

Hata hivyo nilikusanya nilizoweza, pamoja na za magofu ya Mbweni, nikazipeleka. Wakanijibu kwa adabu kwamba picha ni sawa, ila hawaoni kazi yangu ndani yake. Wakaniuliza, hasa napiga nini? Nilikasirika siku nzima kwa sababu walikuwa wamesema kweli. Kisha nikaanza kupiga vile vinavyoweza kuonekana vya harusi za wanawake. Viatu vilivyoachwa mlangoni, vya visigino virefu na kandambili pamoja, vimepandana kama vinasengenyana. Kiganja chenye hina mbichi kimefunguliwa, mwenyewe haonekani. Sinia la halua lililobaki alama za vidole. Kiti cha biharusi baada ya biharusi kuondoka. Nikawaandikia: kazi yangu iko nyuma ya mlango huu, na mlango siufungui. Wakanikubali.

Mkanda ulikuja, na kadi. Kadi nikaiogopea unyevu. Nyinyi mnajua nyumba zetu za mawe. Lenzi ukiisahau kabatini msimu mmoja inaota kuvu kama mkate. Wekeni balbu ndogo inayowaka ndani ya kabati la kamera, usiku na mchana, hiyo ndiyo dawa. Mie balbu nnayo, lakini kwa kadi sikuona inatosha. Nikaipeleka dukani wakaipiga lamineshani, nikaona haitoshi, wakaipiga ya pili. Ikawa nene kama biskuti. Nikaitundika shingoni pamoja na mkanda, nikaenda nayo sokoni Darajani. Muuza samaki akaniuliza kama nimeajiriwa bandarini. Siku nyingine nikajaribu kuingilia nayo kwenye sherehe ya wakubwa uwanjani. Askari akaigeuza, akaigonga kwa kucha, akaniambia, "Bibi, kadi ya kliniki haitumiki hapa." Nikaitia kwenye mtoto wa meza, na pale ikakaa.

Sasa nikwambieni siku kadi hiyo ilipotolewa.

Ilikuwa harusi ya Zuleikha, binti wa Bi Rukia wa Malindi. Bi Rukia na mie tumesoma pamoja chuo cha Kurani, ni mtu wangu. Mama yake, Bi Mize, aliletwa kutoka Makunduchi kuja kumuombea dua mjukuu. Ajuza mfupi, mkavu, macho makali. Sifa yake kubwa ni kwamba hapigwi picha. Maisha yake yote alipigwa moja tu, ya kitambulisho, na hiyo alifumba macho. Binti yake alishanionya: "Usimuelekezee kamera mama, atakutia aibu mbele za watu." Nikawa namkwepa kila akipita.

Walipomaliza kumpamba Zuleikha, Bi Mize akaingia chumbani, akamtazama. Kisha akageuka.

"We mwanamke wa kamera, njoo. Nipige na huyu mtoto. Mara moja tu, mie sirudii."

Akavua mtandio mwenyewe, nywele zake za mvi zilizotiwa hina zikaonekana, akaegemeza paji la uso kwenye paji la uso la mjukuu. Hakufumba macho. Nikasoma shavu, nikabonyeza. Nilijua pale pale kwamba nimeipata. Nyinyi wenye kazi hii mnaijua ile hali, moyo unakwenda mbele ya kidole.

Na kwa kuwa nilikuwa nimejiona, nikarudi nyuma nichukue na chumba kizima. Hatua moja, ya pili, nikakanyaga beseni la maji ya waridi na asumini. Mguu ukaenda Bububu, mie nikaenda upande mwingine, kamera ikagonga pembe ya sanduku la shaba ikatumbukia beseni. Nilikaa chini nimeroa, asumini zimenishika kichwani kama biharusi wa pili. Wanawake wakapiga ukelele, kisha wakacheka mpaka wengine wakashika kuta. Na mie nikacheka, mpaka nilipoitoa kamera majini. Imekufa. Kile kimlango kinapokaa memori kimebonyea, hakifunguki.

Harusi nikaimaliza kwa kamera ya akiba. Wageni walipoondoka Bi Rukia akanivuta pembeni.

"Picha ya mama?"

"Imo humu."

"Na sisi sote tumo humo, hivi tulivyo?"

"Sote."

Akanishika mkono kwa nguvu. "Shemsa, mama hatarudia, unamjua. Naitaka ile picha. Lakini mwanamme asitutazame. Ikitoka hata moja, mwanangu anaanza ndoa yake kwa maneno ya watu."

Asubuhi nikaenda kwa fundi wa simu Darajani. Akachukua bisibisi nene kama ya mlango wa gari, akasema, "Iache, mama, urudi kesho." Nikamnyang'anya kamera yangu. Ndipo nikaikumbuka ile kadi. Nikapiga simu kwenye karakana ya kampuni Dar es Salaam, nikamwambia msichana aliyepokea kwamba mie ni mwanachama, na sauti yangu ilitoka nyembamba, kwa sababu mwenyewe sikuwa na hakika. Akaniambia njoo.

Nilipanda boti kamera nimeifunga kwenye kanga, nimeipakata. Bandarini wakanitaka niipitishe kwenye ile mashine ya ukaguzi. Nikamuuliza ofisa kama mashine inaweza kuona picha zilizomo ndani. Akanitazama muda, akasema, "Mama, mashine haioni hata chakula vizuri. Pita."

Kule karakana yule msichana, Neema jina lake, alipokea kadi yangu kwa ncha za vidole.

"Mama, hii kadi imefanywa nini?"

"Imehifadhiwa."

Haikusomeka kwenye mashine. Akanitafuta kwa jina, akanipata, na hapo nikawekwa mbele ya watu waliokuja kabla yangu. Naona haya kusema nilivyojisikia mkubwa.

Fundi aliitwa Deo, kijana mpole wa bara, ana miwani ya kukuzia kichwani. Akanieleza utaratibu: mteja anaacha kamera, wao wanaifungua, wanakausha, wanatoa memori, kisha wanazifungua picha kwenye kioo kikubwa kuhakikisha hazikuharibika.

"Hilo la mwisho haliwezekani," nikasema.

"Ndio utaratibu, mama. Nisipozitazama nitajuaje kama zimepona?"

"Fundi, humu mna watoto wa watu. Wake za watu. Wamenivulia buibui mie, hawakukuvulia wewe. Ukizitazama hutofanya dhambi ya makusudi, najua, lakini mie nitarudi Unguja niwaambie nini?"

Nilidhani atanicheka, au atanipa ile hotuba kwamba ameshaona picha za kila namna. Akavua miwani.

"Hata mama yangu asingependa," akasema. "Lakini mama, na mimi nisikufiche. Maji yamekaa humo. Nikifungua naweza kuizima kabisa hiyo memori, na sitaki uniambie baadaye kwamba sikukuonya."

"Fungua. Ila mie nikiwa nimekaa hapa."

Wateja hawaingii ndani ya karakana. Akaenda kuzungumza na mkubwa wake, nikasikia neno mwanachama likitajwa mara nyingi, akarudi na kiti. Nikakaa. Nimeshuhudia ndugu zangu wakijifungua, na sikuwahi kubana pumzi kama siku ile. Alitumia kipande chembamba cha plastiki, akakiingiza ufani mwa kimlango, akawa anapitisha taratibu, anasimama, anapitisha. Mie nasoma dua nilizozikumbuka. Kimlango kikatoka na maji kidogo yanayonukia asumini, na Deo, masikini, akapiga chafya kwa nguvu, nikadhani ndio mwisho wetu.

Memori ilipokauka, alimwita Neema, akageuza kioo kikatazama ukutani tulikosimama sisi wanawake, na yeye mwenyewe akageuka akatazama mlango. Mwanamme mzima, mikono nyuma, kama mtoto aliyeadhibiwa shule.

"Zipo?" akauliza.

"Hii haifunguki," Neema akasema. "Hii pia. Hii nusu yake kijivu."

Nikafumba macho.

"Hizi zinafunguka. Zinafunguka zote mpaka... Mama, huyu bibi aliyegusana vichwa na biharusi ni nani? Mbona mzuri hivi!"

Wanangu, nililia mbele ya wafanyakazi wa kampuni ya kamera. Neema akanipa karatasi za kusafishia lenzi nijifutie, nazo zinakwaruza kweli kweli.

Nilirudi na memori ndani ya nguo zangu, na kamera ya kuazima, kubwa, mpya, ambayo sikujua inawashwa wapi. Kwenye harusi iliyofuata niliizungusha mbele ya wageni mpaka bibi mmoja akaniuliza kama nimeinunua ikiwa mbovu. Pakuwashia palikuwa chini ya kidole changu muda wote.

Kwa hiyo jibu la swali lenu ni ndiyo, jiungeni. Lakini msijiunge kwa ajili ya mkanda. Na someni masharti kabla hamjatumbukia beseni.

Picha nikaichapa mwenyewe, nikaitia fremu, na Bi Rukia akaniomba tuipeleke Makunduchi pamoja. Njiani nilijitayarishia maneno ya kumwambia Bi Mize, namna mwanga wa dirisha ulivyoangukia shavu lake, namna picha ilivyookolewa. Tukamkuta uani anachambua mchele. Tukamwamkia, "Shikamoo," akaitika "Marahaba" bila kuinua macho. Bi Rukia akamwekea fremu mapajani.

Akaitazama. Akasogeza ungo pembeni, akaifuta kioo kwa ncha ya kanga ingawa kilikuwa safi, akaitazama tena. Akakaa hivyo mpaka Bi Rukia akaanza kuingiwa na wasiwasi.

"Mama, hukuipenda?"

"Huyu si mie," Bi Mize akasema. "Huyu mama yangu."

Bi Rukia akanitazama. Bi Mize akawa anapitisha kidole kwenye lile paji la uso lililoegemea la mjukuu.

"Alikufa mie mdogo. Hakuna picha yake, hakuna kitu. Nilikuwa nalala nalazimisha kumkumbuka uso, hauji. Unakuja mtandio tu, na mikono." Akaigeuzia fremu kwenye mwanga. "Kumbe alikuwa hivi."

Maneno yangu yote ya mwanga na shavu yakanipotea. Akainua macho kwangu.

"Wewe ndiwe uliyekuwa na kamera?"

"Ndimi, bibi."

"Basi umemwona mama yangu."

"Naam," nikamwambia. "Nimemwona."